Masomo ya Njaa

Mwalimu wetu wa jiografia alipelekwa Uingereza kwa majuma machache, akarudi na filimbi. Alirudi pia na kaptura iliyoacha magoti wazi katika baridi ya Nyeri, kamba ndefu ya rangi ya chungwa, na habari kwamba uongozi haufundishwi darasani. Uongozi, alisema, uko porini. Sisi wa kidato cha tano tulitazamana. Wengi wetu tulikuwa tumetoka huko huko porini kwa taabu kubwa, na wazazi wetu walikuwa wamejinyima hadi sukari ya chai ili tusirudi.

Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Uhuru tulikuwa nao, lakini bado tuliamini kwamba kitu hakijawa kitu mpaka kipitie Uingereza kwanza. Mwalimu mkuu akalipenda wazo lile kupita kiasi. Akatangaza kwenye paredi kwamba kuanzia mwaka ule kiranja mkuu hatachaguliwa kwa maksi, wala kwa sauti nzuri ya kuombea chakula. Atatoka kwa wale watakaofuzu kozi ya uongozi msituni, na atakayevunja hata kanuni moja asahau.

Nami nilikitaka cheo kile, jamani. Nilikitaka mpaka nikakiota. Kiranja mkuu alikuwa na chumba chake, chumba kilikuwa na mlango, na mlango ulifungwa kwa ndani. Siku za nyama alikula meza moja na walimu. Isitoshe, mama alikuwa ameshasimama kanisani Endarasha akawaomba akina mama wenzake waniombee, na akina mama wa Endarasha wakishakuombea kitu, huna ruhusa ya kukikosa.

Nilipokwenda likizo nilimweleza mambo yalivyo. Alikuwa akimenya viazi.

"Sasa huko msituni mtafanya nini, baba?" Mama aliniita baba kwa sababu nilipewa jina la baba yake, ndiyo desturi ya kwetu.

"Kila mtu atawekwa peke yake chini ya mti wake. Siku tatu. Hakuna chakula, ni maji tu."

"Mmekosa nini?"

"Hatujakosa, mama. Ni masomo."

"Haiya! Masomo ya njaa?"

"Ya uongozi."

Kisu kikasimama juu ya kiazi. "Na hao wenye kuwaweka huko, wao watakula?"

Nikamwambia walimu watakula, kwa kuwa wao wameshahitimu.

"Ni msitu gani?"

Nikaelekeza kidevu nje ya mlango wa jikoni. Ulikuwa ule ule wa Nyandarua, uliokuwa juu ya shamba letu, ambamo nilikata kuni tangu nikiwa mtoto. Mama alimaliza viazi vyake akaweka sufuria motoni.

Wakati wa Hali ya Hatari baba yangu aliingia katika msitu huo kupigania uhuru. Mama, kama wanawake wengi wa rika lake, alimpelekea chakula akijifanya anatafuta kuni. Chakula chenyewe walikifunga tumboni chini ya nguo, kama mimba. Baba hakurudi. Ilikuwaje asirudi, mama hakuwahi kusimulia, na sisi hatukuuliza. Nyumba nyingi za kwetu zilikuwa na swali moja la namna hiyo, na watu walilipita taratibu kama mbwa aliyelala mlangoni.

Basi lori la shule likatupandisha. Huko juu tukafundishwa kuwasha moto, sisi ambao tuliamka kila alfajiri tukapuliza majivu kabla ya kwenda shule. Tukafundishwa kubeba mzigo mgongoni, jambo ambalo dada zetu wadogo wangeweza kutufundisha bila kufika Uingereza. Mwenzetu mmoja wa Doldol, aliyelelewa akichunga ng'ombe mahali penye simba, alioneshwa kinyesi cha swara na kuulizwa kama amewahi kukiona. Alijibu kwa adabu kwamba ni kizuri sana.

"Kiongozi ni mtu anavumilia!" mwalimu alipiga kelele, kisha akapuliza filimbi. Kila sentensi yake iliishia kwenye filimbi. Halafu akatugawa, kila mtu na mti wake, akaenda hemani kula maharagwe. Harufu ya yale maharagwe ilitufikia wote. Nafikiri nayo ilikuwa sehemu ya kozi.

Siku ya pili asubuhi, tumbo limeshanishika mgongo, nikasikia tawi likivunjwa. Akina mama wanne walikuwa wakija kwa mstari katikati ya mianzi, kimya, panga mkononi na kamba begani. Wote wanne walikuwa waja wazito. Nikapangusa macho. Mmoja alikuwa mweka hazina wa kanisa, mwenye wajukuu. Wa mbele alikuwa mama yangu, mjane wa miaka mingi.

Hakuna aliyenisalimu. Mama alipita karibu na mti wangu bila kugeuza uso, akainama kama mtu anayefunga kamba ya kiatu, na mimba yake ikateleza chini ikatua kwenye majani. Akaendelea kutembea. Nilifungua kitambaa nikakuta mukimo wa viazi vilivyopondwa na mahindi, bado una moto wa mwili wake. Wale wengine waliendelea mbele, na baadaye nilisikia kwamba hakuna mti ulioachwa. Hata kijana wa Wang'uru alizaliwa furushi lake, na mama yake hata hakujua Endarasha iko wapi.

Ndipo filimbi ikalia. Mwalimu alichomoka kichakani, magoti meupe kwa baridi.

"Wewe mama! Simama hapo!"

Mama akasimama. Mikono yake ikapanda juu yenyewe, panga likaanguka. Hakuna aliyemwambia ainue mikono. Mwalimu mwenyewe alishtuka.

"Unafanya nini hapa?"

"Natafuta kuni, bwana mkubwa."

"Na hii chakula?"

"Sijui ni ya nani."

"Huyu ni kijana yako?"

Mama alinitazama kama anayetazama nguzo ya ua. "Simjui."

Mwalimu akanigeukia. Nisimsingizie, alinipenda, na alitaka nipite. Akapunguza sauti.

"Wewe unamjua huyu mama? Kama humjui, mwaga hiyo kitu hapo chini, tuendelee na kozi. Mimi sijaona kitu."

Cheo kilikuwa pale pale, na chumba na mlango wake. Mama, mikono ikiwa bado hewani, alinikazia macho: sema. Midomo yake ilikuwa mikavu. Kucha zake zilikuwa na udongo wa viazi alivyonichimbia. Mama yangu, mtu mzima, anamwinulia mikono mwalimu wa jiografia! Hasira ikanipanda mpaka masikio yakaziba.

"Ni mama yangu," nikasema. "Mama, shusha mikono. Huyu ni mwalimu tu."

Nikaketi nikala ule mukimo mbele yake, tonge kwa tonge, nikaumaliza. Mwalimu alibaki na filimbi mdomoni bila kuipuliza.

Nilifukuzwa kozi palepale kwa kukosa moyo wa uongozi. Ukiranja mkuu alipewa kijana mmoja aliyekula chakula chake nyuma ya mti, akafukia kitambaa, akapangusa mdomo kwa majani. Mwalimu mkuu alimsifu kwenye paredi kwa kutoka katika njaa akiwa na afya namna ile. Alikuwa kiranja mzuri, na siku hizi ni mtu mkubwa.

Lakini asubuhi ile nilikuwa bado nateremka na mama kwenda nyumbani. Nilidhani atanibariki. Alitangulia, anakanyaga kwa nguvu. Tulipotokeza penye mashamba, Mlima Kenya umefunguka ng'ambo, akanigeukia.

"Mjinga wewe! Si nilikwambia kwa macho useme hunijui?"

"Ningesemaje hivyo, mama?"

"Hivyo hivyo. Simjui. Ni neno refu hilo?" Machozi yalikuwa yakimtoka, naye hakuyafuta. "Homugadi, wale askari wa Mwingereza, walipotushika na babako, aliwaambia yeye ni mpita njia, hanijui. Wakaniuliza mimi. Akanikazia macho niseme hapana. Nikaona haya kumkana mbele ya watu. Nikasema, ni bwana yangu. Nao ndiye waliyekuwa wakimtafuta."

Akajifunga leso upya kiunoni, maana sasa ilikuwa imelegea.

"Haya, twende," akasema. "Ng'ombe hajakamuliwa."