Skrini Niliyompelekea Mzee Hsiao

Mzee Hsiao anakaa juu ya duka langu la kutengeneza kompyuta hapa Tainan, mji wa Taiwan. Huu ni mwaka wa kumi na tisa anakanda watu mabega kwa riziki yake. Haoni tangu ana miaka saba. Kompyuta yake haina skrini, ya nini? Inamsomea kila kitu kwa sauti, naye anaijibu kwa kibodi.

Ijumaa moja, saa nane mchana, aliniita juu. Kompyuta ilikuwa imejisasisha, ikawa bubu. Na saa kumi na moja alikuwa na mtihani wa kupata kibanda cha kukandia pale stesheni ya treni: kupanga miadi ya wateja kwenye kompyuta hiyohiyo, kwa mtandao, peke yake, bila kusaidiwa na mtu. Kibanda hicho alikuwa amekisubiri miaka minne.

Nikamwambia asihofu, mimi nipo. Nina mdomo, najijua. Nikapandisha skrini kutoka dukani, nikaichomeka, nikaona tatizo papo hapo: draiva, ile programu inayoendesha kadi ya sauti, ilikuwa imefutika. Nikaitafuta, nikaiweka upya. Kimya. Nikabadilisha spika. Kimya. Nikabadilisha waya, nikazima, nikawasha, nikaitukana. Ikafika saa kumi na nusu, jasho linanitoka, naye ametulia kitandani pake pa kazi, mikono magotini.

Akaniuliza ninaona nini. Nikamwambia ndicho kinachonitia wazimu: vimstari vya kijani vya sauti vinapanda na kushuka, kompyuta inaongea kabisa, ila hakuna kinachosikika.

Akasogea, akagusa spika kwa ncha ya kidole kama anavyotafuta mshipa uliokaza.

"Hapa hakuna kitu kinachofika," akasema. "Dada Yu, hiyo skrini yako ina spika?"

"Haina, Mzee."

"Lakini waya wake unabeba sauti?"

Nikautazama waya. Unabeba.

"Basi sauti imepewa mgeni, hiyo skrini. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe umekuja, mwenyeji kazidi kuugua. Chomoa."

"Nikichomoa sitaona kitu."

"Karibu nyumbani."

Nikachomoa. Ile kompyuta ikaanza kusema palepale, mbio mbio, maneno yamebanana, sikuambulia hata moja. Yeye aliyapata yote. Vidole vyake vikaenda juu ya kibodi, akafungua hiki, akafunga kile, akarekebisha sauti, mbele yake hamna chochote ila ukuta. Nilishikwa na mshangao mpaka nikakaa chini. Miaka ishirini ya ufundi, na sikuwahi kuona mtu akiijua kompyuta namna ile. Kosa lenyewe lilikuwa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza, ila wateja wangu wote wana skrini zao. Sikuwahi kumpelekea mtu ya kwangu.

"Sasa toka," akaniambia kwa upole. "Mtihani unataka niwe peke yangu."

Nikashuka na skrini yangu kifuani. Kwenye ngazi nikasimama kumsikiliza akibonyeza, hadi saa kumi na moja ikapita.

Siku hizi yuko stesheni. Kila Jumatano napeleka mabega yangu, nalala kifudifudi, na ile kompyuta inabwabwaja pembeni. Bado siambulii kitu. Nafumba macho, najaribu tena.