Mkuyu wa Kwenye Debe

Chumba cha Eliwaza kilikuwa hatua sita kwa tano. Alikipima kwa miguu yake siku ile ya kwanza, mwaka 1933, bibi harusi mwenye sanduku moja, akadhani amekosea kuhesabu, akarudia. Sita kwa tano. Kwao mlimani hata zizi la mbuzi lilikuwa na nafasi ya kujigeuza. Mumewe Fanueli, aliyeajiriwa kugeuza njia za reli pale stesheni ya Same, alimwambia avumilie, kota ni za muda tu, wataishi miaka miwili mitatu kisha watarudi Bombo kulima. Waume wengi wa reli waliwaambia wake zao maneno hayo, na wengi walizeeka wakiyasema.

Mwaka uliofuata alizaliwa Tumainieli, na hapo ndipo mkuyu ulipoingia ndani ya nyumba.

Mpare wa Bombo akizaliwa, kitovu chake kikikauka na kudondoka, huzikwa kwenye shamba la baba yake. Hilo halikuhitaji kuelezwa. Mtu akiulizwa kwao ni wapi, hujibu ni pale kilipozikwa kitovu chake, na maneno yanaishia hapo. Mwinjilisti alikwisha kuwakemea kwamba hayo ni ya giza, watu wakaitikia amina, wakaenda nyumbani wakaendelea kuzika. Lakini Tumainieli alizaliwa kwenye kota, na ardhi yote ya kota ilikuwa ya reli, tangu ukuta hadi waya. Ukipanda hata mchicha, msimamizi anapita na fimbo yake anaagiza ung'olewe. Kitovu kitazikwa wapi?

Jibu lilishuka na lori kutoka Gonja. Susana, mama yake Fanueli, alituma debe la mafuta ya taa lililojaa udongo mweusi wa Bombo, na katikati yake kijiti chenye majani manne. Kijiti hicho alikikata kwenye mkuyu wa majani madogo unaosimama mpakani mwa shamba alilopewa Fanueli, chini kidogo ya ndiva, lile bwawa la kumwagilia. Ujumbe ulikuwa mfupi: "Mzike humu. Siku mkirudi, mrudi naye."

Eliwaza akakifunga kitovu cha mwanawe kwenye kitambaa, akakizika chini ya kijiti kile, akalisukuma debe mpaka kona ya mlango. Alikuwa na miaka ishirini. Tangu siku hiyo alikuwa na watoto wawili wa kulea, na mmoja hakuacha kunyonya.

Maana mkuyu si maua. Ukiuachia, unapasua mwamba. Na yeye alikuwa na kazi ya kuuweka ndani ya hatua sita kwa tano. Alijifunza kwa kukosea. Aliumwagilia kila siku, majani yakawa ya njano, akajua kwamba lazima kwanza achomeke kidole mpaka kifundo cha pili, na kidole kikirudi kikavu ndipo amwage maji. Alilitoboa debe chini kwa msumari. Aliupeleka uani kuota jua, akaurudisha ndani, akautoa tena, nao ukapukutisha majani yote kwa siku tatu, akalia akidhani ameuua. Haukuwa umekufa. Ulikuwa umenuna. Mti ule ulichukia kuhamishwa kuliko hata yeye alivyochukia. Akauchagulia mahali pamoja, karibu na mlango lakini pembeni mwa upepo, na hapo ukakaa.

Vumbi la Same ni vumbi la dharau, linaingia hata kwenye chungu kilichofunikwa. Kila Jumamosi aliyafuta majani jani moja moja kwa kitambaa kibichi. Kila baada ya miaka mitatu debe lilioza kwa kutu, akawa anautoa mti na udongo wake wote, anapunguza mizizi kwa kisu, anautia kwenye debe jipya na udongo wake uleule, hata punje haimwagiki. Juu alikata matawi. Chini alikata mizizi. Mti ukakaa kimo cha mtoto wa miaka mitano, umenenepa shina, una majani mazito yanayong'aa, na wake wa kota walikuwa wakisimama mlangoni kuutazama tu.

Wakaanza kuomba. Eliwaza akawachagulia vijiti: akichukua tawi lenye mafundo yaliyokaribiana, kwa sababu tawi refu refu litazaa mti wa kutafuta dari. Akiacha utomvu ukauke siku mbili kivulini kabla ya kupanda. Akiwafundisha kidole, msumari, kitambaa. Kufika wakati wa vita, kota nzima ilikuwa na mikuyu kwenye madebe, na yeye aliitwa Mama Madebe, jina alilolichukia kimoyomoyo. Lakini wa kwake hakuna aliyejua una nini chini. Maneno ya mwinjilisti yalikuwa yamemfunga mdomo.

Na kufunga mdomo ndiko kulikomponza.

Mwaka 1944 aliugua malaria, akalazwa hospitali siku kumi. Fanueli alikuwa kazini usiku na mchana, treni za vita hazikuwa na ratiba. Jirani yake wa ukuta mmoja, Salama, mwanamke mwenye roho nyeupe ambaye alikuwa hawezi kuona kazi ikalala, ndiye aliyemlisha Tumainieli na kufagia nyumba. Eliwaza alirudi akiwa anajikokota, akaona debe jipya linang'aa kona ya mlango.

"Nimekubadilishia debe, shoga yangu," Salama alisema, uso umejaa furaha. "Lile lilikwisha kuoza, linavujia sakafuni. Nimefanya vilevile ulivyonifundisha, mizizi nimepunguza. Nikaona na udongo umechoka, mweusi tii, nikautupa. Nimekutilia mpya."

"Umeutupa wapi?"

"Huko relini, kwenye tuta. Kwani vipi?"

"Hapana. Ahsante, Salama. Mungu akubariki."

Angesema nini? Aliyetenda ni mwema, na siri ilikuwa yake. Jioni alitoka na homa yake, akatambaa kwenye tuta la reli akipekua kwa vidole. Vibarua wa njia walikuwa wamekwisha kumwaga kokoto mpya, shehena nzima. Akarudi, akalala, akampa mumewe mgongo. Hakumwambia. Hakumwambia mwaka ule wala uliofuata, na kila Jumamosi aliendelea kuyafuta majani, akiulea mti ambao sasa aliuona kama kaburi lililofukuliwa. Watu husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Basi na huu wake hakuna aliyejua hata kwamba ameubeba.

Fanueli hakurudi Bombo kulima. Mwezi wa tatu wa mwaka 1953 alianguka kazini, kifua, akafa kabla ya treni ya jioni kupita. Walimzika, pole zikatolewa, na wiki ya pili ikaja barua: kota inatakiwa mwisho wa mwezi, kuna mfanyakazi mwingine. Tumainieli, miaka kumi na tisa, alikuwa Korogwe anajifunza ualimu, analala bwenini. Baba yake Eliwaza alikuwa amekufa zamani, na shamba la kwao kaka zake wamekwisha kugawana. Palibaki mahali pamoja tu duniani, lile shamba la chini ya ndiva. Na shamba lile kwa miaka kumi na minane lilikuwa likilimwa na Eliufoo, mdogo wake Fanueli.

Akapanda lori la Gonja, sanduku moja kama alivyokuja, na debe miguuni. Kutoka Gonja alipanda mlima kwa miguu, debe kichwani. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na magoti ya mwanamke wa sitini. Kila alipotua kupumzika, majani yalikuwa yakidondoka, kwanza moja moja, halafu kwa mikupuo. Mti umenuna. Alijua. Lakini kujua hakukumzuia kuyaokota na kuyatia kwenye kanga, sijui kwa nini, hata yeye hakujua.

Siku ya tatu baada ya kufika, wazee wawili wa ukoo waliitwa uani kwa Susana. Mkuyu ulikuwa katikati yao, uchi kabisa, hauna hata jani moja.

Eliufoo hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyejenga matuta ya mawe kwa mikono yake, aliyeamka alfajiri zamu yake ya maji ya ndiva ilipofika, na ambaye sasa anaambiwa aachie. Alizungumza bila kupandisha sauti.

"Shemeji, mimi sikufukuzi. Utakaa na mama, utakula. Lakini shamba ni la mwenye kitovu chake hapa. Mtoto amezaliwa relini, amekulia relini. Mwacha asili ni mtumwa, na asili yake yeye sijui ni ipi."

"Kitovu chake tulikizika kwenye udongo wa shamba hili," alisema Eliwaza. "Mama ndiye aliyeutuma."

"Ndimo humu?"

Eliufoo hakungoja jibu. Alichomeka mkono ndani ya debe, akatoa konzi ya udongo, akaumwaga kwenye jani la mgomba mbele ya wazee. Ulikuwa mchanga mwekundu, umechanganyika na vijiwe vyeusi vyenye pembe. Mzee mmoja akakichukua kimoja, akakigeuza, akacheka kwa pua.

"Hii ni kokoto ya reli."

"Udongo wa Bombo hauna kokoto," Eliufoo alisema. "Na mti wenyewe umekufa. Shemeji, umetuletea debe la nini?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa na siku tatu za kutunga uongo, na nyuma yake miaka tisa. Lakini uongo nao unataka nguvu, na yeye alikuwa amechoka. Amechoka mpaka kwenye meno. Akasema yote. Malaria, Salama, tuta, kokoto, na kwamba hata Fanueli amekwenda kaburini bila kujua. Alipomaliza aliona aibu, na chini ya aibu aliona nafuu, kama mtu aliyetua kuni.

"Basi kitovu kiko Same," alisema mzee wa pili, si kwa ubaya. "Relini."

Ndipo Susana alipoomba asogezwe. Macho yake yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa uzee, alikuwa akiona mwanga tu. Akalipapasa debe, akalipapasa shina mpaka juu, polepole, kila fundo, kila kovu la kisu. Kisha akakwaruza gamba kwa ukucha. Utomvu mweupe ukatoka, ukamtiririka kidoleni.

"Nani amesema umekufa?"

Akamgeukia mkamwana wake.

"Eliwaza, kitovu kilikaa humu miaka mingapi kabla ya huyo jirani yako?"

"Kumi, mama."

"Eliufoo. Wewe ni mkulima. Ukizika kinyesi cha ng'ombe shambani leo, baada ya miaka kumi utakikuta?"

"Sitakikuta."

"Kitakuwa kimekwenda wapi?"

Eliufoo alitazama chini. "Kimeliwa na mazao."

"Huyo jirani alitupa udongo," alisema Susana. "Kitambaa kilioza kabla mtoto hajaota meno. Huu mti umekila kitovu chote. Huu ndio uliokuja, na ulikatwa hapa, kwa kisu changu. Mnataka kitovu, ndicho hiki." Akawaonyesha kidole chake cheupe.

Wazee wakatazamana. Mmoja akakohoa, akasema mama amenena, na kwamba hata hivyo mavuno ya msimu huu ni jasho la Eliufoo. Eliwaza akasema ni haki yake avune. Eliufoo aliikusanya kokoto ile kutoka kwenye jani kijiwe kwa kijiwe. Kisha akasimama, akaenda kuchukua jembe. Hakutabasamu. Alichimba shimo mpakani, karibu na mkuyu mama, akalichimba pana kuliko ilivyohitajika.

Walilipasua debe kwa panga. Mizizi ilikuwa imejikunja ndani ikafuata bati, imeshonana mraba mtupu, kona nne kamili, hata baada ya bati kuondoka ukaona debe bado lipo. Eliwaza alipiga magoti. Alinyoosha mkono kwa shemeji yake kama alivyozoea kila miaka mitatu, bila kufikiri.

"Nipe kisu, niipunguze."

Susana alimsikia kutoka pale alipokuwa ameketi.

"Unapunguza ya nini, mwanangu? Hapa hakuna ukuta."

Mkono wa Eliwaza ulibaki hewani. Alitazama shimo, akatazama shamba linaloteremka mpaka kwenye mfereji, kisha akaketi chini kwenye udongo mweusi na kulia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata siku ya msiba. Eliufoo alisubiri mpaka anyamaze, ndipo akaanza kufukia.