Niling'oa Msalaba Nikapanda Kunde

Mkosaji ni mimi. Mwenye shamba alinikataza mara mbili, na shetani msimsingizie, jembe lilikuwa mkononi mwangu.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya kibinafsi hapa Kitale. Corona ilipofunga shule, tuliambiwa twende nyumbani tungoje simu. Nilingoja mpaka nikachoka! Jirani akaniambia kazi ya broka wa mashamba haitaki cheti, inataka mdomo na miguu. Mdomo nilikuwa nao.

Mteja wangu wa kwanza alikuwa Wekesa, mkulima wa Saboti. Alitaka kuuza nusu ekari kando ya barabara. Ploti tambarare, maji karibu. Lakini katikati yake kulikuwa na kaburi bichi la ndugu yake mdogo, Simiyu, na msalaba wa mbao.

Kwao ni Malakisi, na huko ndiko Simiyu angezikwa. Lakini siku zile maiti haikungoja mtu. Watu wa afya walikuja na mavazi yao meupe, wakachagua wenyewe mahali palipo rahisi kuchimba, wakamzika asubuhi bila wimbo wala kikao cha ukoo. Mama yake mzee alikatazwa kusafiri. Aliambiwa angoje mambo yatulie, ndipo aje aone mwanawe alipolala.

Wateja watatu walikuja. Kila mmoja aliuona ule msalaba akageuza njia.

Nikamwambia Wekesa, "Si tusawazishe tu hapa tupande kitu?"

"Aii, mwalimu! Mama hajaona hapa bado."

"Corona haiishi kesho. Akija tutamwonyesha."

"Hapana bana. Huyu ni ndugu yangu."

Nilirudi siku ya pili, akakataa tena. Siku ya tatu hakusema kitu, aliingia nyumbani kwake akafunga mlango. Mimi nikasema moyoni, basi amekubali.

Niliung'oa msalaba kwa mikono yangu. Nikatawanya udongo, nikapanda kunde. Wiki chache tu, ungepita hapo usijue lolote. Ila kunde za pale katikati zilinawiri kuliko zote. Niliziona, nikatazama kando.

Ndipo akaja Mama Njeri, muuza mitumba wa Kitale, mama wa watu, akitafuta pa kujenga. Aliniuliza swali moja tu.

"Mwalimu, niambie ukweli. Hapa hakuna mtu amezikwa?"

"Hakuna, mama. Mimi ni mtu wa kanisa."

Barakoa ilinisaidia, hakuuona mdomo uliosema hivyo. Alifurahi, akainama pale pale katikati, akachuma kunde akazifunga kwa leso. "Hizi nitapikia watoto leo," akasema. Ee Mungu wangu! Nami nilisimama nikamwangalia.

Akamlipa Wekesa, akajenga, akahamia. Mvua ya kwanza kubwa ilipopiga, simu yangu ikalia.

"Mwalimu, sakafu ya jikoni inazama. Fundi ameweka simiti mara mbili, na inazama tu pahali pale pale. Hii udongo iko na nini?"

Nikamwambia ni fuko anachimba chini. Fuko! Akanishukuru, akaenda kununua mtego.

Mambo yalipotulia, mama yake Simiyu alifunga safari kutoka Malakisi. Wekesa alinipigia. "Kuja. Mama amefika, na wewe ndiye ulisema tutamwonyesha."

Nilimkuta ajuza mdogo wa umbo mwenye fimbo, amesimama akitazama huku na huku. Wekesa alikuwa anaangalia viatu vyake. Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hiyo, mchana kweupe, na hakuna aliyenizuia. Badala yake nilimshika mkono nikampeleka upande wa pili wa ua wa Mama Njeri, kwenye shamba lililobaki la Wekesa.

"Ni hapa, kukhu," nikamwambia, kama tunavyowaita nyanya zetu.

"Kichwa ni upande gani, mwanangu?"

Hata hilo nililijibu! Nilinyoosha kidole.

Akaketi niliponyooshea, akapapasa udongo, akaanza kumpa Simiyu habari za nyumbani kwa Kibukusu. Ng'ombe gani amezaa. Nani ameoa. Aliongea mpaka jua likawa kali, na mimi na Wekesa hatukuweza kutazamana.

Tangu siku hiyo huja kila Desemba, hukaa mahali pale pale. Mimi udalali niliuacha, nikarudi darasani, lakini Saboti sipiti na meza ya Bwana siisogelei. Mke wangu huniuliza nina nini. Namwambia ni uchovu.

Wiki jana Wekesa alipiga tena. Mama yao ni mgonjwa, hali chakula. Amewaita watoto wake wote akawaambia akifa asizikwe Malakisi. Apelekwe Saboti, alazwe karibu na Simiyu wake.

"Mwalimu," Wekesa akaniuliza, "sasa tutachimba wapi?"

Nilikata simu nikachukua kalamu.

Wewe unayeanza kazi hii na unamtafuta mteja wa kwanza kwa udi na uvumba, nakusihi, mwenye shamba akikukataza shika njia uende zako, hata kama nyumbani hakuna unga. Na kama umeshafanya nililolifanya mimi, nenda ukamwambie uliyemdanganya angali anasikia. Malakisi si mbali na hapa. Nimeandika haya yote, na bado sijaenda.