Fundi Aliyesahau Dari

Ukiweka kikombe cha chai kwenye meza ile, Wabwile hukisukuma kando bila kusema neno, kisha hupafuta mahali kilipokuwa kwa mkono wa shati lake. Ni meza ya mvule. Aliipiga randa mwenyewe mwaka aliofiwa na mkewe, Nasambu, na hadi mwaka huu haikuwa na mkwaruzo. Mimi nimewahi kununiwa mchana kutwa kwa sababu ya ganda moja la njugu.

Wabwile ni fundi wa milango hapa Kitale, mzaliwa wa Misikhu. Watoto wake wako Bungoma na maisha yao. Jumatatu hadi Jumamosi anaongea na mbao. Mteja akimsalimia, anajibiwa kwa vipimo. Lakini Jumapili saa nane, tukishatoka kanisani, anatufungulia karakana na kuwa mtu mwingine kabisa. Tunacheza mchezo wa kusimuliana. Yeye ndiye msimulizi wa nchi ya ajabu, nasi kila mmoja ana mtu wake aliyeandikwa kwenye karatasi, na kila jambo la hatari linaamuliwa kwa dadu. Mimi, Joan, mwenye saluni ya jirani, ni mbilikimo mwenye nyundo. Kibiwott, dereva wa trekta, ni mwizi. Binamu yake Chepkirui, anayeuza miche ya parachichi, ni mwanamke anayeitwa Mwewe. Miaka mitano tulicheza bila kugombana. Kisha Januari Mwewe akazawadiwa mabawa, kwa haki kabisa, na mchawi ambaye Mwewe alikuwa amemwokoa kisimani.

Lazima niseme jinsi Wabwile anavyofanya kazi, maana shida yote ilitoka hapo. Nchi yake haielezi kwa maneno matupu. Anaichonga. Vipande vinavyobaki kwenye milango ya watu vinageuka kuta, ngazi na mapango, na anavipanga juu ya meza tukiwa tumegeuka ukutani kama watoto. Sheria yake ni moja: kama hajakichonga, hakipo. Ukimuuliza kama chumba kina dirisha, anakuonyesha kwa kidole, uone mwenyewe.

Februari alituletea bonde lenye daraja. Alilichonga miezi miwili, ubao kwa ubao, na nusu ya mbao zake zilikuwa mbovu kwa makusudi, tukae pale tukikuna vichwa. Chepkirui alilitazama kidogo tu.

"Fundi, huku juu kuna nini?"

Wabwile akainua macho. Hakuwa amechonga kitu juu. Katika miaka yote mitano hakuwahi kuweka dari wala paa, kwa kuwa mikono yetu ilihitaji pa kupitia.

"Hakuna," akasema, maana si mwongo.

Mwewe akatuvusha mmoja mmoja mgongoni. Hakuna aliyelikanyaga lile daraja. Nilimwona Wabwile akilifunga kwa gazeti, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu, na nikamhurumia.

Huruma yangu haikufika Machi. Kila Mwewe alipokunjua mabawa, Wabwile alitangaza upepo. Ukitulia upepo, inakuja mvua ya mawe. Jumapili moja tulipigwa na kimbunga ndani ya pango. Mtu mzima, mzee wa kanisa, anamchokoza dada wa watu kwa hali ya hewa. Nilikasirika, na nilimwambia, naye akajifanya anatafuta penseli iliyokuwa sikioni mwake.

Mwishowe Chepkirui akaweka kalamu chini.

"Fundi, tangu nipate mabawa hii nchi yako haijawahi kauka. Hiyo upepo iko wapi? Nionyeshe mbao yake."

Wabwile akaanza kufuta meza kwa mkono wa shati.

"Si ulisema kama hujachonga haiko? Sasa nakuja Jumapili moja ingine. Ukinishusha na upepo tena, naenda na sirudi. Na Kibiwott ndiye ananibeba na pikipiki, kwa hivyo hata yeye."

Kibiwott alitazama viatu vyake, lakini hakukataa.

Kila mtu mle ndani alijua maana yake. Wakiondoka wawili hao, nabaki mimi, na mchezo wa mtu mmoja si mchezo. Wabwile angebaki na mbao zake siku saba za wiki. Juma lile lote nilisikia ngazi ikiburutwa upande wa pili wa ukuta wangu, na kila nilipochungulia alikuwa amefunga mlango.

Jumapili ilipofika tulikuta meza karibu tupu. Kulikuwa na kijiji kidogo, mto, na lango la mbao, basi. Chepkirui alivuta pumzi, nikajua anatafuta maneno ya kuaga. Wabwile akaelekeza kidevu juu.

Kutoka kwenye boriti za paa vilining'inia vitu kwa kamba za katani: mnara bila ngazi, vibaraza, mawe yaliyoelea. Kila kamba ilikuwa na mafundo, fundo moja futi kumi. Katikati alitundikwa tai wa mbao mwenye mabawa mapana kama ungo. Juu kabisa, kwenye fundo la sita, kulikuwa na kengele ya baiskeli.

"Mto unafurika," Wabwile akasema. "Kengele ikilia, watu wa kijiji watatoka wafungue rango wakimbie. Isipolia, maji itawapata ndani." Akiwa na wasiwasi, l na r zake hubadilishana viti. "Leo hakuna upepo. Kila kitu mnaona ndio iko."

Chepkirui akapanda stuli ili amfikishe Mwewe, kibao chenye manyoya mawili ya kuku, fundo baada ya fundo. Chini, mimi na Kibiwott tulikuwa tumeshika lango lisibomoke, na maji yakitufika kifuani. Hatukuweza kumsaidia, na hilo ndilo lililonitia hofu. Kwenye fundo la nne tai akamrarua bega. Kwenye la tano akamrarua tena. Mwewe alibaki na alama ishirini na mbili za uhai; zikiisha, amekufa.

"Shuka, Chep," Kibiwott akasema. "Shuka utibiwe."

"Maji yako wapi, Fundi?"

"Kwa milango ya nyumba."

Chepkirui akanyoosha mkono, akapiga kengele. Ililia vizuri karakana nzima. Kisha Wabwile akarusha dadu ya tai mbele yetu sote, na ikasema bawa limevunjika.

Futi sitini. Kila futi kumi, dadu moja ya maumivu, inayokatwa kwenye uhai. Nikasema mbilikimo wangu anaacha lango, anakimbia kumdaka. Wabwile akatoa futi yake ya kazi, akapima kutoka langoni hadi pale Mwewe angeangukia. Akapima mara ya pili. Nilikuwa nimepungukiwa na inchi moja.

"Sikufikii," nikamwambia Chepkirui.

Dadu ya kwanza, nne. Sita. Moja, tukapumua. Tano. Tatu. Kumi na tisa. Ilibaki dadu moja, na ni moja au mbili tu ambazo zingemwacha hai. Wabwile aliishika ngumini na hakuirusha.

"Labda," akasema bila kumtazama mtu, "kunaweza kuwa na kaupepo kadogo. Kutoka kwa mto. Ka kumshikilia."

Chepkirui alikuwa bado juu ya stuli. Macho yake yalikuwa na maji.

"Kako wapi, Fundi? Umekachonga?"

Wabwile akatikisa kichwa.

"Basi rusha."

Akarusha. Tano.

Wabwile alivua kofia. Chepkirui alishuka, akakunja karatasi ya Mwewe mara mbili, akaiingiza kwenye Biblia yake. Nilisubiri amwite Kibiwott waende.

"Hiyo ilikuwa yangu," akasema. "Nimeanguka mwenyewe, hakuna mtu amenishusha." Akajipangusa uso. "Jumapili saa nane?"

"Saa nane," Wabwile akasema.

Jumapili iliyofuata alikuja na karatasi mpya na kuiweka mbele ya fundi. Nikaisoma juu ya bega lake. Mtu wake mpya alikuwa mwanamke nusu fuko, asiyeruka wala kupanda, anayechimba chini kwa chini na kutokea atakapo.

Wabwile aliisoma hadi mwisho. Akaangalia boriti, na vile vitu vyote alivyovitundika juma zima. Akainama, akaangalia chini ya meza ya mvule, akakaa huko kitambo. Aliposimama alichomoa penseli sikioni, akachora duara katikati ya meza, kisha akaenda kuchukua msumeno.