Ngoma ya Mwali

Hofu ilimwingia Bi Mwanvita pale Brenda alipoinyanyua ile ngoma kubwa na kusema, "Hii ndiyo tunayoitaka, bibi."

Brenda alikuwa mtumishi wa kiwanda cha mafuta ya alizeti cha Morogoro mjini. Kiwanda hicho ndicho kilichojenga, kando ya zahanati ya kijiji cha Bi Mwanvita kule mlimani, nyumba ya wajawazito kungojea kujifungua. Sasa kilikuwa kinaandaa tamasha la utamaduni, na kikundi cha Bi Mwanvita, mkulima wa karafuu na kungwi wa wasichana, kilikuwa kimealikwa.

"Hiyo ya mwali," alisema Bi Mwanvita. "Hulia ndani tu, tukiwa wanawake peke yetu."

"Imeshawekwa kwenye mabango, bibi. Tusimwangushe mfadhili."

Neno lile, mfadhili, lilimkata maini. Binti yake wa kwanza alifia njiani akiwa na uchungu wa uzazi, amebebwa kwenye machela, mvua imeharibu mteremko wote. Sasa binti yake mdogo, Fatuma, alikuwa kwenye nyumba ile, tumbo limeshashuka. Je, akikataa wakaifunga? Na akikubali? Bibi yake aliyemfundisha ukungwi alimwapia kwamba ngoma hii ikilia hadharani, uzazi wa ukoo utafungika. Hakujua kama ni kweli. Lakini nani ajaribu, mwanawe akiwa katika hali ile?

Siku ya tamasha aliteremka mjini kwenye lori la kiwanda, ngoma ameipakata, imefungwa kitenge. Walipofika uwanjani aliomba kuonana na mwenye kiwanda, Sunil.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimekuja kukwambia siwezi kuipiga hii." Akaikumbatia ngoma. "Nyingine zote tutacheza. Hii ina miiko yake, wanaume hawaioni. Usiwafungie wajawazito ile nyumba, nakuomba. Mwanangu yumo."

"Nani kakwambia nitaifunga?"

"Hakuna. Naogopa tu."

Sunil alimgeukia Brenda. "Ulijua ina miiko?"

Brenda aliinamisha kichwa. "Aliniambia."

Sunil akautazama uwanja. Wageni kutoka Dar walikwishakaa, mabango yamejaa uwanja mzima. Hatimaye akasema, "Hata kwetu kuna vitu mama yangu havitoi mbele za watu. Chezeni hizo nyingine." Lakini hakutabasamu, na aliondoka bila kumpa mkono.

Walicheza. Bi Mwanvita alikosea hatua mara kwa mara, macho yakimtafuta Sunil kwenye viti vya mbele, asione dalili yoyote usoni mwake.

Wiki ileile Fatuma alijifungua salama, mtoto wa kike. Nyumba haikufungwa. Bi Mwanvita alimbeba mjukuu wake akalia mpaka wauguzi wakamwonea huruma.

Hata hivyo, woga haujamtoka. Kila gari la kiwanda linaponguruma likipanda mlima, huacha jembe shambani, akasimama akisikiliza kama litaishia zahanati au litakuja hadi kwake kuitaka ngoma.