Nilimuigiza mjomba wangu kwenye TV, Kinole nzima ikacheka isipokuwa yeye

Wakuu, habari za humu. Wakubwa shikamooni, wadogo mtaniamkia huko chini.

Juzi kuna kijana kaandika kwamba wachekeshaji wa TV wa zamani "walikuwa wanajiropokea tu". Nimecheka sana, maana mimi nilikuwa mmoja wao. Ninayoyaandika yamenitokea, na mama yangu yu hai, nikiongeza chumvi atanisuta.

Mimi ni Mluguru wa Kinole, kule milimani Morogoro kwenye ndizi na mdalasini. Baba alifariki nikiwa mdogo, nikalelewa na mjomba, kaka yake mama.

Kwa wasiojua, kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Mkubwa wako ni mjomba. Akisema kaa, unakaa.

Mjomba wangu, Mzee Mkude, alikuwa na tabia moja. Ukimuuliza jambo lolote, hata "umekula?", anavua kofia, anaichungulia ndani, anaivaa tena taratibu, halafu anasema, "Ngoja kwanza." Ndipo anajibu. Utotoni tuliamini majibu yake yamo humo kwenye kofia.

Sasa turudi kwangu. Miaka ya tisini mwanzoni nilikuwa kijana wa kiwanda cha nguo pale Moro mjini. Kwenye karatasi nilikuwa msaidizi wa fundi, ila kazi yangu hasa ilikuwa kikundi cha sanaa cha kiwanda. Ngoma, kwaya, maigizo.

Likaja soko huria. Mitumba ikajaa, kiwanda kikauzwa, na mnunuzi hakuona kwaya inamsaidia nini. Tukatoka wote. Wenzangu wengine wakaenda Dakawa kwenye mpunga, wengine Turiani kwenye miwa. Mimi nikabaki mjini nauza mashati ya mitumba huku nawachekesha wateja. (Nilichekesha kuliko nilivyouza.)

Hilo hilo soko huria ndilo lililoleta stesheni binafsi za TV huko Dar. Dada Stella, aliyekuwa kiongozi wa kikundi chetu, akapata nafasi ya kutengeneza mchezo wa kuchekesha, nusu saa kila wiki, kuhusu nyumba ya wageni. Akaniita niwe mlinzi wa getini. Nina miaka ishirini na mbili, napakwa unga kichwani niwe mzee!

Skripti hakuna, wakuu. Siku ya kwanza nilipewa karatasi imeandikwa, "Mlinzi anamzuia mgeni." Basi. Mengine unayatoa mwenyewe.

Kamera ikawaka. Mgeni akaniuliza, "Mzee, vyumba vipo?"

Kichwani sikuwa na kitu. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kofia. Nikaivua, nikachungulia, nikaivaa.

"Ngoja kwanza."

Mpiga picha alicheka mpaka kamera ikatikisika. Dada Stella akasema, "Hiyo usiiache hata siku moja." Nikawa Mzee Ngoja.

Miezi michache tu, nikawa siwezi kununua maandazi Moro mjini bila mtu kunivulia kofia. Nilivimba, nisiwafiche. Nilikuwa na jinzi mbili tu lakini natembea kama mwenye mji.

Kumbe huko Kinole mfanyabiashara mmoja wa ndizi kanunua TV. Anaiwasha kwa betri ya gari, antena kaifunga kwenye mwanzi. Siku ya mchezo wetu mjomba akaalikwa na kupewa kiti cha mbele kabisa, maana mpwa wake ndiye msanii.

Mama alinisimulia. Picha ilikuwa chenga tupu, ila sauti safi. Mjomba akaanza kuisikia sauti yake mwenyewe inatoka kwenye TV. Baadaye picha ikatulia, akaiona na kofia.

Watu wote wakageuka kumtazama. Mtu mmoja akamuuliza, "Mzee Mkude, huyo si wewe?"

Na yeye, kwa mazoea, akavua kofia akaichungulia.

Watu walianguka chini kwa kicheko. Mjomba akainuka, akaenda nyumbani. Tangu siku hiyo hakuivaa tena ile kofia. Akiulizwa kitu anajibu hapo hapo, tena vibaya.

Mama akanitumia ujumbe kwa dereva wa pikapu ya ndizi: "Mjomba wako amevua kofia. Njoo."

Nikapanda mlima na sukari na shuka jipya. Nikamkuta uani.

"Shikamoo mjomba."

Kama hujawahi kumwamkia aliyekulea ukaikosa marahaba, usiombe yakukute.

Baadaye akasema, "Mimi nimekulea, wewe umenipeleka Dar nikachekwe na watu nisiowajua. Chagua. Huyo mzee wako wa kwenye TV, au mimi."

Nikimwacha Mzee Ngoja, mchezo nao unaniacha, na kiwanda cha kurudi hakipo. Nikimwacha mjomba, nitakuwa mtoto wa nani? Usiku huo sikulala.

Asubuhi mama akamwita Mzee Kobelo, mtani wa ukoo wetu.

Hapa niwaeleze kidogo. Kwetu koo zina watani wao. Mtani anaweza kumtukana mkubwa wenu mbele za watu. Msibani anavaa nguo za marehemu, anamuigiza anavyotembea na anavyoongea, na hakuna ruhusa ya kukasirika.

Mzee Kobelo aliingia kwa makelele. "Nyie wezi wa ndizi, nani kafa? Hakuna? Sasa mmeniitia nini?"

Akanisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanitetea.

"Kijana," akasema, "kumuigiza mjomba wako si vibaya, sura yenyewe inaigizika. Kosa lako ni kufanya kazi yangu. Wewe mtoto wa ukoo huu huu, nani kakuruhusu kumcheka? Mwenye ruhusa ni mimi. Umeingia shambani kwangu bila hodi."

Hapo ndipo nilipoelewa. Dar nilijiona mjanja, chochote ninachokiona ni mali ya kuigiza. Kumbe kicheko kina mwenyewe.

Akanitoza jogoo, na niombe radhi mbele ya watu. Nikaomba, nimepiga magoti, na machozi yalinitoka.

Kisha akasema, "Kuanzia leo unaigiza kwa niaba yangu. Huko Dar wakicheka, aliyemcheka ni mimi Kobelo. Mkude, una neno?"

Mjomba akapeleka mkono kichwani. Hamna kofia. Mama akaingia ndani mbio, akamletea. Akaivaa, akaivua, akaichungulia, akaivaa.

"Ngoja kwanza."

Tukangoja.

"Huyo jogoo awe mkubwa."

Nikarudi kazini. Tulicheza miaka minne zaidi, na mjomba akawa haukosi mchezo. Ananitumia makosa yangu kupitia mama: "Mwambie anaivaa haraka haraka. Mimi huwa sina haraka."

Baadaye zikaingia tamthilia za nje, mchezo wetu ukasimamishwa. Sina kinyongo. Nilirudi Moro, nikaoa, nina cherehani zangu nne na watoto wanaonitania. Nimeridhika.

Mjomba alifariki kwa uzee. Msibani Mzee Kobelo alikuwepo, ila miguu ilikuwa imekwisha, kaletwa kwa machela. Akaniita, akanikabidhi koti la mjomba na ile kofia.

"Siwezi kusimama," akasema. "Nifanyie."

Nikavaa. Nikatembea uani kama yeye, watu wakaanza kucheka. Mzee Kobelo akapaza sauti kutoka alipolala, "Mkude! Unakwenda wapi, na migomba hujaipalilia?"

Nikaivua kofia, nikachungulia. Ya kwenye TV ilikuwa ya kuazima. Hii ya kweli ndiyo kwanza naishika. Ndani kitambaa kimechakaa, kimeshonewa kiraka, kinanukia mdalasini.

Nikaivaa. Yale maneno mawili, niliyoyasema miaka yote ile mbele ya kamera, yakakataa kutoka.

Halafu mama, kutoka upande wa wanawake, akasema, "Ngoja kwanza."

Na Kinole nzima ikaitikia, "Ngoja kwanza!"

Tulicheka wote huku tunalia.

Nilichojifunza: kabla hujamchekesha mtu kwa sura ya mwenzio, ujue mwenye ruhusa ni nani. Kama si wewe, piga hodi kwanza. Nawaambia nyie mnaowarekodi bibi zenu kwa simu.

Mama nimemsomea yote haya. Anasema majogoo walikuwa wawili, nimepunguza.

Haya, semeni na nyie: kwenu nani ana ruhusa ya kuwacheka wakubwa? Na wa kunitukana karibuni pia, ila kama si mtani wangu, uje na jogoo.