Kidole Changu na Karatasi ya Maji

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu haya yamenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, hapa Kasongo. Na mtu ninayemsimulia yu hai, tunafanya kazi pamoja mpaka leo.

Mimi ni sekretari wa shirika dogo linalochimba visima. Zamani karatasi zetu zilipanda pikipiki hadi Kabambare, zikarudi zimelowa au zisirudi kabisa. Siku hizi tunasaini ndani ya tableti. Kisima hakifunguliwi mpaka karatasi yake ya maji ipate sahihi tatu: kwanza Papa Ramazani, mpimaji wetu wa Kabambare, anayethibitisha kwamba maji yanafaa kunywewa, halafu shefu, mkubwa wetu wa ofisi, mwisho mimi, ninayeifunga kwa kidole gumba. Nikishaifunga, hakuna wa kuigusa tena isipokuwa kidole kilekile.

Sasa, kule Kabambare mtandao unautafuta mlimani kama mbuzi aliyepotea. Basi wenzangu walizoea kunipa namba zao za siri. "Mama sekretere, unisainie tu." Niliziandika zote kwenye daftari na, nisikufiche, nilijivuna. Nani asingependa kuaminiwa hivyo? Papa Ramazani peke yake alikataa, miaka na miaka. Alinipa ya kwake siku alipokwenda kumwoza binti yake, akasema, "Ni ya siku mbili tu, Mama. Kisha uifute." Sikuifuta.

Kisima chenyewe kilikuwa upande wa Lusangi, wanakochimba dhahabu na kuiosha kwa zebaki. Sherehe ya kukifungua ilikuwa Jumamosi. Wakubwa wamealikwa, mbuzi wamefungwa tayari. Ijumaa imefika, sahihi ya Papa Ramazani bado. Nilikuwa nampigia tangu Jumatano, simu imezimwa. Je, nilishtuka? Hata. Simu ya Kabambare kuzimwa si habari. Shefu naye akanijia juu: "Mama sekretere, karatasi iko wapi? Unataka nipate haya mbele ya watu?" Akaenda zake msikitini, wengine wakamfuata au wakaenda kula, nikabaki ofisini na mvua iliyokuwa ikinyesha tangu alfajiri.

Nikafungua daftari. Nikaingiza namba ya Papa Ramazani, nikaingiza ya shefu, nikabonyeza kidole changu. Niamini, haikuchukua hata dakika moja.

"Hodi, Mama."

Papa Ramazani alikuwa amesimama mlangoni. Vumbi jekundu limemjaa toka viatu hadi nyusi, vumbi kavu, na nje mvua inamwagika. Sikuwa nimesikia pikipiki. Nilimkaribisha kiti, hakuketi.

"Nionyeshe fasi nilisaini," akasema.

Nikamsogezea tableti, mahali penye sahihi yake. Alisoma polepole, kama anavyosoma siku zote, midomo ikicheza.

"Hii si mukono yangu."

"Lakini namba iko yako, Papa," nikajitetea.

"Namba iko yangu. Ile maji, macho yangu haikuiona. Watoto watakunywa nini, Mama?"

Hakufoka. Afadhali angefoka. Alinyoosha mkono akakifumbata kidole changu gumba, nami sikuhisi kitu: si baridi, si joto, si ngozi. "Fungua," akasema. Niliinama, nikaweka kidole kwenye kioo, karatasi ikafunguka, nikazifuta sahihi zote tatu. Nilipoinua kichwa, mlangoni hakuna mtu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za matope za sisi sote tulioingia asubuhi. Za kwake hazikuwapo.

Nililia, sijui kwa hofu au kwa aibu.

Jioni simu ya Kabambare ikapatikana. Mwenzetu wa kule akaniambia Papa Ramazani amelazwa toka Jumanne. Homa ilimwangusha akienda kisimani, akaokotwa kwenye vumbi la barabara, chupa zake za kupimia zikiwa tupu. "Hajafungua macho, Mama. Hatambui mutu."

Sherehe ikavunjika. Shefu hakusema nami wiki nzima. Papa Ramazani aliamka Jumapili, nami nikapanda pikipiki kwenda kumwona, nimebeba maneno mengi ya kuomba msamaha. Kabla sijaanza akaniuliza, "Ulifuta?" Nikasema nimefuta. "Basi," akasema, akaomba chai. Hatujalizungumza tena. Alipopata nguvu akaenda kupima yale maji, akakuta zebaki. Pampu ina mnyororo mpaka leo.

Lakini kidole changu hakikurudi. Mistari yake ipo, naiona. Hakuna mashine inayoiona. Nilipokwenda kuandikisha laini ya simu, muuzaji alipangusa kioo mara nne, akaniuliza kama nafanya kazi ya chokaa. Ile karatasi ndiyo ya mwisho kidole hiki kuifungua.

Daftari nimelichoma. Nawe unayesoma, kama unayo namba ya siri ya mwenzako, ifute leo hii. Usiseme, "Ananiamini"; mimi pia niliaminiwa. Na akinyamaza siku tatu, nenda kamwangalie. Wiki ile nilihangaika kutafuta sahihi ya Papa Ramazani. Papa Ramazani mwenyewe sikumtafuta, mpaka akaja yeye.